Kifungo cha Tatu

Kiti ni kama cha kinyozi,
kinapanda na kushuka kwa kanyagio,
na Ruuben amekubali kukikalia
kwa sababu kanyagio limeota kutu upande mmoja
na kutu ile ina umbo analolijua yeye.

Chini ya kioo cha kompyuta kuna kijiti cheusi,
kirefu kidogo kuliko rula ya shule.
Kinatoa mwanga usioonekana, asema Daktari Maarika,
unagonga mboni na kurudi na habari.
Hauumi. Hauunguzi.
Mara mia tatu kwa sekunde unauliza swali moja:
sasa uko wapi?

Swali nililomuuliza kwa miaka sita
nisijibiwe.

Kwanza nukta. Nukta nyekundu inaruka
pembe hii, pembe ile, katikati,
naye anaifuata kama paka na uzi.
Halafu picha: jikoni,
mwanamke na mwanamume mezani, wanabishana,
nyuso zao zimejaa mambo.
Nilisimama nyuma ya pazia la kijivu
nikimsihi kimoyomoyo:
tazama nyuso, baba. Nyuso.

Hakutazama.
Alikwenda kwenye feni. Akaenda kwenye mpini wa birika.
Akateremka na mkono wa koti la yule mwanamke,
kifungo, kifungo, kifungo, kifungo,
akarudi kwenye feni.

Bibi yake, Hilja, husema: mtoto huyu hatuoni.
Husema polepole huku akimenya viazi,
kama anayesoma bei ya kitu asichokusudia kununua.

Tulipewa mapumziko. Dakika ishirini, biskuti mbili.
Dirishani, Mto Mama ulikuwa umeganda
(ndivyo tunavyouita sisi wa Tartu)
na bata walisimama juu ya barafu
wakingoja sijui nini.
"Kumi na mmoja," alisema Ruuben.
Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.
Sikuwahesabu. Nilikuwa natafuta leso.

Picha zikarudi, zile zile,
ila kila moja imeibiwa kitu kidogo.
Jikoni ilipotokea nilitafuta kilichopungua.
Nikatafuta tena.
Ruuben hakutafuta.
Kufumba na kufumbua macho yake yalikuwa kwenye koti,
pale palipokuwa na kifungo cha tatu,
yakakaa hapo,
yakakaa,
kama mtu aliyebisha hodi kwa jirani
akaambiwa amehama.

"Anakumbuka," alisema Maarika, akaandika.
Nikangoja aongeze. Hakuongeza.
Mashine haipimi mapenzi, alisema baadaye,
wala haijui nani atazungumza lini.
Inachora njia, basi.

Nikaomba nikalie kiti hata mimi.
Alisita, akatazama saa, akakubali.
Akanionyesha ramani yangu: madoa mekundu mazito,
jicho, mdomo, jicho, mdomo,
na jikoni nzima imebaki gizani.
Feni sikuiona.
Birika sikuliona.
Macho hayana pazia, husemwa;
yangu yalikuwa na ukuta, na nilikuwa nimeupaka rangi.

Kituoni baridi ilikuwa inauma masikio.
Ruuben alisimama ubavuni mwangu, uso umeelekea kwingine,
kama siku zote.
Kisha akakamata mkono wa koti langu
na kuweka kidole juu ya uzi unaoning'inia.
Kifungo kilianguka, sijui, kabla ya Krismasi.
Sijui kilianguka wapi.

"Manne," alisema.

Manne ya nini, baba? Magari? Mabasi?
Hakurudia. Kidole hakikuondoka.
Basi lilikuwa linakuja, taa zake chafu kwa matope ya theluji,
nami nikauinua mkono wangu wa pili karibu na uso,
nikatazama vifungo vilivyobaki,
kimoja kimoja:
matundu manne.